Kwa Nini WITCH ya Zambia Haikupata Jina Kubwa



Juma lililopita mu grupu yetu, leki mmoja alituma wimbo wa Tyler, the Creator unaoitwa "NOID", wa mwaka 2024. Aliuliza ile sauti ya zamani inayoimba mule ndani inatoka wapi. Nikamwambia: inatoka hapa jirani, Zambia. Ni kipande cha wimbo wa Ngozi Family, bendi ya Paul Ngozi, ya miaka ya 1970. Kisha nikaongeza kwamba kulikuwa na bendi ingine ya roki nzito, WITCH ya Kitwe, ambayo kwangu ilikuwa kali zaidi. Hapo rafiki yangu mmoja, tulisoma naye auditoire moja, akaandika: "Kama walikuwa wakali hivyo, mbona hatukuwajua? Kitu kizuri kinajulikana tu."

Ile sentensi ilinichoma. Tangu nilipotetea kazi yangu ya licence mu agronomia nimeisikia mara nyingi, kwa maneno tofauti: kama diploma yako ingekuwa na maana, kazi ungekuwa nayo. Basi nikakaa chini kuandika jibu. Limekuwa refu kwa grupu, njo maana naliweka hapa.

Kwanza tujue tunazungumzia nani. WITCH ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, kule Copperbelt, upande wa pili wa mupaka wetu. Ukivuka Kasumbalesa, unapita Chililabombwe, unapita Chingola, unafika Kitwe. Jina lao ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tunakusudia kuleta fujo". Lakini ukilisoma kama neno moja, ni "mulozi". (Papa yangu alicheka sana nilipomwelezea: mtu anajiita mulozi, kisha anashangaa baraka hazifiki!) Mwimbaji wao ni Emmanuel Chanda, aliyepewa jina la Jagari kwa kufananishwa na Mick Jagger. Albamu yao ya kwanza, Introduction, ilitoka 1972. Baadaye zikaja In the Past, kisha Lazy Bones!! ya 1975, na zingine. Hiyo ya 1975 njo ninaiweka juu ya zote: gitaa inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi, na chini yake ngoma zinacheza mwendo ambao hakuna Mwingereza angeuwaza.

Muziki huo walikuja kuuita Zamrock. Kulikuwa na Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, kulikuwa na Amanaz, kulikuwa na Keith Mlevhu. Kwa miaka michache ilikuwa moto wa kweli. Kisha ukazima.

Sasa, kwa nini?

Mie ni mtu wa mashamba, naomba mniruhusu nianzie shambani. Mwaka wa pili tulifundishwa sheria ya kipunguzi. Ba prof wanaipa jina la Liebig, ingawa Sprengel ndiye aliyeiandika mbele yake. Inasema hivi: mavuno hayapimwi kwa jumla ya vitu vyote ulivyoweka shambani. Yanapimwa kwa kile kimoja kilicho kidogo kuliko vyote. Unaweza kujaza azoti, maji yakawa mengi, mbegu ikawa nzuri sana, lakini kama fosfori haiko, mahindi yatabaki mafupi. Wanachora pipa la mbao lenye ubao mmoja mfupi: maji yanamwagikia pale. Mkulima asiyejua atalaumu mbegu.

Rafiki yangu analaumu mbegu.

Tufanye kama mu majaribio ya shamba, tulinganishe ploti mbili. Black Sabbath walitoka Birmingham, mji wa viwanda, watoto wa wafanyakazi. Tony Iommi, mpiga gitaa wao, alikatwa ncha za vidole kiwandani akiwa kijana, na sauti yao nzito ilitokana kwa sehemu na ajali hiyo, maana alilazimika kulegeza nyuzi. WITCH walitoka mji wa migodi ya shaba, katikati ya watoto wa wafanyakazi vilevile. Mbegu ni karibu moja. Lakini Black Sabbath walipotoa albamu ya kwanza mu 1970, nyuma yao kulikuwa kampuni ya sahani yenye viwanda, magari, maofisi nchi nyingi. London haikuwa mbali. Kitwe kulikuwa na nini? Mwanzoni sahani za Wazambia hawa zilichapishwa Nairobi! Wimbo unatoka Copperbelt, unasafiri hadi Kenya kugeuzwa sahani, kisha unarudi kuuzwa nyumbani. Ndola ilipata kiwanda baadaye, lakini hata hapo mtu wa kupeleka zile sahani London ao New York na kuzisukuma kwa redio hakuwako. Muziki ulibaki ghalani, kama muhogo wa kijiji kisicho na barabara. Ninyi mliofanya stage mu vijiji mnajua ninachosema.

Na hata nyumbani soko lilikuwa dogo. Zambia ya mwaka 1970 ilikuwa na watu kama milioni 4 tu. Toa watoto, toa wasio na gramofoni, toa wanaopenda muziki mwingine: wanabaki wangapi? Tena nyimbo nyingi za WITCH zilikuwa za Kiingereza. Walidhani, na si vibaya, kwamba Kiingereza kitafungua mlango wa dunia. Lakini Mwingereza alikuwa na roki yake tayari, na mama wa sokoni Kitwe alitaka Kibemba ao Kinyanja. Paul Ngozi, aliyeimba mambo ya majirani na ugomvi wa nyumbani kwa lugha ya watu, anakumbukwa zaidi kwao mpaka leo. Hapa naweza kumpa rafiki yangu nusu alama: kosa hili lilikuwa la WITCH wenyewe, kidogo.

Lakini ubao mfupi kuliko zote ulikuwa shaba. Hili sie bana ba Katanga hatuhitaji kuelezwa muda mrefu. Uhuru wa Zambia ulifika tarehe 24 Oktoba 1964, na shaba ilikuwa inaleta zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya nje. Ile feza njo ilinunua gitaa na amplifaya. Ile feza ililipa mishahara ya wachimbaji, na mishahara njo ilijaza kumbi siku ya mwisho wa mwezi. Tena Rais Kaunda aliamuru redio icheze asilimia 95 ya muziki wa Wazambia, na vijana wakapata nafasi ambayo wenzao wengi Afrika hawakuipata. Kwetu, Mobutu alikuwa kwenye mambo yake ya authenticité, na mu Septemba 1974 Kinshasa ilimpokea James Brown. Kwa muda mfupi ilionekana kama Afrika yote itacheza juu ya shaba na mafuta.

Kisha bei ikaanguka. Katikati ya 1974 hadi 1975, bei ya shaba London ilishuka zaidi ya nusu. Mbele ya hapo, Januari 1973, mupaka na Rhodesia ulikuwa umefungwa, na shaba ilikosa njia yake ya kusini. Mu 1975 vita ya Angola ikakata reli ya Benguela, reli ileile iliyokuwa inabeba shaba yetu pia. Nchi ambayo haina feza za kigeni haiwezi kuagiza nyuzi za gitaa. Gitaa yenyewe ikivunjika, hakuna ingine. Na mchimbaji ambaye mshahara haumtoshi kununua unga wa bukari, atanunua tiketi?

Juu ya hayo ikaja vita ya Rhodesia. Zambia iliwahifadhi wapigania uhuru, ndege za Rhodesia zikaja kupiga mabomu, na serikali ikaweka amri ya kutotembea usiku, na mara zingine taa kuzimwa. Fikirieni bendi ya roki inayoishi kwa kupiga usiku kucha, sasa inalazimika kupiga mchana, jua likiwaka, watu wakitazama saa ili wawahi kurudi nyumbani. Hilo tu linatosha kuua kazi.

Sasa kuna sehemu ambayo sie Wakongomani hatupendi kuikubali: tuliwashinda pia. Muziki wetu uliingia Zambia kama maji. Lakini msiseme haraka kwamba ni kwa sababu rumba ni tamu zaidi (ni tamu, ndiyo). Kampuni ya Ngoma ilianza kurekodi Léopoldville mwaka 1948. Zikafuata Opika na Loningisa. Wakati Jagari anaingia studio kwa mara ya kwanza, Kinshasa ilikuwa na robo karne ya kurekodi, ya mafundi, ya wachuuzi wa sahani, ya redio zenye nguvu zilizosikika nchi nyingi. Hata hapa kwetu Katanga, Jean Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey mu 1952, Jadotville, yaani Likasi ya leo. Na nchi yenyewe ilikuwa na watu mara nyingi zaidi kuliko Zambia. Franco hakuhitaji London ili aishi. Alikuwa na soko lililomtosha mlangoni. WITCH hawakuwa nalo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Jagari alikuwa ameondoka, na bendi iliyobaki ikageukia disko. Niliisikiliza, siwezi kuwalaumu, lakini si ile.

Mpaka hapa tungekuwa na habari ya bendi iliyokufa kwa umaskini, na ziko nyingi. Lakini kuna bendi nyingi Ulaya ambazo pia zilishindwa miaka ya 1970, kisha zikarudi. Wanamuziki wanafikisha miaka 50, miaka 60, mtoto wa mtu anapata sahani yao, wanaitwa tena jukwaani, wanaeleza, wanasaini, wanakula. Black Sabbath walitoa albamu mu 2013, miaka 43 baada ya ile ya kwanza, na ikawa namba moja Uingereza. Ili jina lidumu, lazima watu wadumu.

Miaka ya 1980 na 1990 UKIMWI ulipita Copperbelt. Mji wa migodi, barabara ya magari makubwa, wanaume mbali na nyumbani: mnajua jinsi ulivyopita na huku kwetu. Dawa za mchanganyiko zilizofanya kazi zilijulikana mu 1996 kwa nchi tajiri, na zilikawia miaka mingi kufika kwa mtu wa kawaida wa huku. Kizazi cha Zamrock kilimalizika karibu chote. Kati ya watu ba mwanzo wa WITCH, wageni walipokuja kuuliza habari, alibaki Jagari peke yake. Naye alikuwa wapi? Machimboni, anatafuta mawe ya thamani kwa mikono yake. Mtu aliyejaza kumbi! Hapo hakukuwa na bendi ya kurudi jukwaani, hakukuwa na wa kubishana naye nani alitunga nini. Kumbukumbu yote ilikuwa mu kichwa kimoja.

Nyumba ya sahani ya Marekani, Now-Again, ilizitoa upya zile albamu zote mu 2012. Mu 2019 ikatoka filamu juu yao. Jagari akaanza kupiga Ulaya na vijana wa kizungu nyuma yake, pamoja na Patrick Mwondela, aliyekuwa mpiga kinanda wa wakati wa disko, na mu 2023 wakatoa albamu mpya, Zango, iliyorekodiwa Lusaka. Magazeti ya kule yanaandika kwamba "wamegunduliwa". Neno hilo linanikera. Watu wa Kitwe walikuwa wanawajua tangu mwanzo.

Niliyaandika haya yote kwa rafiki yangu, kwa ufupi. Alisikiliza Lazy Bones!! siku mbili. Akanijibu kwamba bado anafikiri wangejikaza kidogo zaidi wangefika. Nikamuuliza wangejikaza wapi, kwa umeme gani, kwa barabara gani. Hajajibu, na mie sitamsukuma, naye anatafuta kazi kama mie.

Jioni hiyo niliiweka ile albamu nyumbani. Papa alikuwa anakula. Aliacha kula, akasema hawa anawajua, kaka yake mkubwa aliyekuwa anafanya kazi Chingola alikuwa na sahani zao mbili chini ya kitanda. Nikamweleza kwamba leo wazungu wanaokusanya sahani wanalipa mamia ya dola kwa zile za mwanzo. Akanawa mikono taratibu. Kisha akaniuliza kama ninajua, yaya yake alipokufa, vitu vya ile nyumba vilichukuliwa na nani.