Kwotabeki Aliyekosa Timu

Msishangae kuiona Marekani katika jarida la Chama chetu cha Kiswahili. Muhula uliopita niliachwa nje ya timu ya kandanda. Mimi ni mlinda lango, na niliambiwa ati mikono ninayo lakini kimo sina. Niliporudi nyumbani nimenuna, mjomba akanihadithia habari za Charlie Ward, nami nikazifuatilia.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Futboli ya Wamarekani si kandanda yetu. Inakaribia raga, ila katika raga ni marufuku kurusha mpira mbele kwa mkono, na kule ndiyo kazi yenyewe! Kila upande una wachezaji 11. Timu yenye mpira hupewa nafasi 4 za kusonga yadi 10. Ikishindwa, wapinzani wanauchukua. Kwotabeki ndiye hupokea mpira karibu kila nafasi inapoanza. Ana sekunde chache tu za kuamua: aurushe mbele, ampe mwenzake akimbie nao, ama akimbie mwenyewe, na huku majitu ya kilo mia na ushei yanamjia mbio. Akirusha ovyo ukanaswa, lawama zote ni zake.

Ward alichezea Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida chini ya kocha Bobby Bowden. Mwaka 1989 kazi yake ilikuwa kuupiga mpira kwa mguu tu. Alipokabidhiwa timu mwaka 1992, wacha niseme ukweli, alianza vibaya; msimu huo mipira yake 17 ilinaswa. Angekuwa shule yetu angeondolewa kabla ya likizo. Bowden hakumwondoa. Mwaka 1993 ikanaswa 4 pekee, na mipira yake 27 ikazaa mabao.

Novemba hiyo walishindwa na Notre Dame 31-24, mpira wake wa mwisho ukapanguliwa karibu na mstari. Basi, wiki iliyofuata Notre Dame nao wakashindwa na Boston College, mlango ukafunguka tena. Desemba Ward akatwaa Tuzo ya Heisman, ambayo tangu 1935 hupewa mchezaji bora wa vyuo, naye aliwaacha wenzake mbali sana kwa kura. Tarehe 1 Januari 1994, mjini Miami, wakawalaza Nebraska 18-16, chuo chao kikawa bingwa wa nchi kwa mara ya kwanza.

Hapo ungedhani timu za kulipwa zitamgombania. Kule, ligi ya kulipwa, NFL, huwachagua wanafunzi kwa zamu, raundi baada ya raundi. Aprili 1994 raundi zote 7 zilipita bila jina lake kuitwa. Lo! Wakubwa wa timu walimwona mfupi, naye ana futi 6 na zaidi. Kwetu huyo angegonga kichwa mlangoni. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na hapa siwezi kuwalaumu sana. Ward alikuwa pia akichezea chuo mpira wa vikapu, na mwaka 1993 timu hiyo ilifika nane bora nchini. Alikuwa ametangaza kwamba asipochaguliwa raundi ya kwanza, huenda asicheze futboli kabisa. Nani atampoteza mtu wa zamu yake kwa kijana anayeweza kwenda kwingine?

Naye akaenda kwingine. Juni mwaka huo New York Knicks wakamchukua katika raundi ya kwanza ya NBA, wa 26. Alicheza vikapu vya kulipwa hadi 2005, na mwaka 1999 alifika fainali, wakashindwa na San Antonio Spurs.

Mwaka 2006 aliingizwa katika Jumba la Heshima la futboli ya vyuo. Katika NFL hakucheza hata dakika moja.