Giaboksi ya G50 katika Porsche 911 ya Zamani: Tatizo la Bodi Kabla ya Gia

Ukiacha zile za Turbo, Porsche 911 za mwaka wa modeli 1972 hadi 1986 zilitumia giaboksi ya mkono aina ya 915. Giaboksi hiyo ilianza na injini ya lita 2.4 inayopozwa kwa hewa, ikaendelea hadi ile ya lita 3.2 yenye nguvu ya kuzungusha ya Newton-mita 284. Sehemu yake inayolalamikiwa zaidi ni sinkronaiza, ambazo zikichakaa gia ya kwanza na ya pili huingia kwa shida. Mwaka wa modeli 1987 ilichukuliwa na G50, iliyotengenezwa na Getrag: sinkronaiza za muundo wa Borg-Warner, klachi ya haidroli, na sahani ya klachi ya milimita 240 badala ya 225.

Mjadala wa kuihamishia G50 kwenye gari la awali hujikita katika gia. Hata hivyo, kikwazo kikubwa kimo katika bodi. Chini ya gari, mbele ya ekseli ya nyuma, limepita bomba lenye fito za chuma zinazofanya kazi ya springi kwa kujisokota. G50, kwa ukubwa wake, haikai katika nafasi inayoachwa na bomba hilo. Ndiyo maana kiwanda chenyewe kililibadili umbo mwaka 1987. Fundi hulazimika kulikata na kuchomelea kipande kipya, au kufupisha nyumba ya klachi, au kuondoa fito na kuweka springi za koili. Njia ya mwisho si nyepesi kama inavyodhaniwa, kwani uzito uliobebwa na bomba huhamia kwenye vishikizo vya shokamzoba, ambavyo havikuundwa kwa mzigo huo. Bomba likichomelewa likiwa limepinda, mielekeo ya magurudumu ya nyuma huharibika.

Mengine ni madogo: silinda ya haidroli kwenye pedali, na gia ya kurudi nyuma iliyohamia kushoto, jirani na ya kwanza. Flaiwili nayo huhitaji uangalifu, kwa kuwa injini za kabla ya 1978 huishika kwa bolti 6, za baadaye kwa 9.

Kwa injini ya lita 3.2 isiyoongezwa nguvu, ukataji huo ni vigumu kuutetea: 915 iliyofanyiwa ukarabati kamili huimudu, na bodi hubaki nzima.