Kunyoa ndevu Ifakara: kinyozi, mashine ya kutupa au wembe wa dukani?

Wembe si bidhaa ya kutafuta kwa tochi Ifakara. Ukiingia duka la mtaa, iwe Kibaoni au Viwanja Sitini, uwezekano mkubwa utaukuta umewekwa jirani na viberiti na sindano: Topaz, Nacet, Supermax na wenzake. Tunakatia kucha, tunafumulia nguo, tunanyolea watoto. Kinachokosekana majumbani ni kile kimashine cha mkono cha kuushikia wembe huo, kinachomwezesha mtu kunyoa ndevu zake mwenyewe bila kujikata. Mwanamume anayenyoa mara mbili kwa wiki au zaidi, namshauri aanze nacho. Sababu zangu ni mbili: mfuko na ngozi, na ya pili ndiyo nzito zaidi.

Tuanze na mfuko. Bidhaa inayotoka Kariakoo ikapita Mikumi na Kidatu hadi Ifakara, kisha ikabebwa tena hadi Mlimba au Malinyi, haiwezi kuuzwa bei moja kila mahali. Kwa hiyo bei zilizo hapa chini ni za mfano, za kuhesabia tu. Ulizia za kwako, uziweke mahali pake. Mtu wetu ananyoa mara mbili kwa wiki, yaani mara 104 kwa mwaka.

Kinyozi: Sh 1,000 kila mara. Kwa mwaka, Sh 104,000.

Mashine ya nyembe tatu, ya kubadilisha kichwa: kichwa kimoja Sh 6,000, kinanyoa mara 8. Vichwa 13 kwa mwaka ni Sh 78,000, mpini haujahesabiwa.

Mashine ya plastiki ya kutupa: Sh 500, inanyoa mara 3. Kwa mwaka mashine 35, Sh 17,500.

Mashine ya mkono ya wembe: Sh 10,000 mara moja. Wembe Sh 100, unanyoa mara 4. Nyembe 26 ni Sh 2,600. Mwaka wa kwanza jumla ni Sh 12,600. Mwaka wa pili ni Sh 2,600 tu.

Hesabu hii ina mambo mawili ya kuangaliwa kwa makini. La kwanza, anayetoka kwa kinyozi anaona faida mapema, lakini anayetoka kwenye mashine za kutupa anaokoa Sh 4,900 tu mwaka wa kwanza. Faida yake halisi, Sh 14,900, inaanza mwaka wa pili. La pili, kishikio cha bei kubwa kinakula faida hiyo yote. Tuseme unaagiza mashine ya Ujerumani, kama Merkur inayotengenezwa Solingen, na inakufikia kwa Sh 100,000. Ukiilinganisha na mashine za kutupa, itachukua karibu miaka saba kurudisha fedha yako. Ni chombo kizuri, lakini anayeanza hakihitaji.

Na anayenyoa mara moja kwa mwezi? Huyo aendelee na kinyozi wake. Sh 12,000 kwa mwaka si fedha ya kumsumbua, na mkono usiofanya mazoezi hauwezi kuzoea wembe.

Wapo wanaoshika wembe mtupu kwa vidole. Nyembe zao zinagharimu sawa na za mwenye mashine, na wanaokoa ile Sh 10,000 ya mwanzo. Ila hakuna kinachozuia wembe usizame, na mkono ukiteleza penye koo au kidevu, kidonda kinaweza kula zaidi ya fedha hiyo. Sishauri hata kidogo.

Faida nyingine ya mashine ya mkono haionekani kwenye jumla: inapokea wembe wa kiwanda chochote. King Camp Gillette, aliyebuni wembe huu wa makali mawili, alianzisha kampuni yake huko Boston mwaka 1901. Mwaka 1903, wa kwanza wa mauzo, aliuza mashine 51 na nyembe 168. Alipata hataza yake Marekani mwaka 1904, nayo ikaisha nguvu mwaka 1921. Tangu hapo umbo la wembe wa makali mawili limekuwa mali ya kila kiwanda, ndiyo maana wembe wa India, wa Misri au wa Uturuki unaingia kwenye mashine ile ile. Muuzaji akikosa Nacet utachukua Topaz, na maisha yanaendelea. Mwenye mashine ya nyembe tatu hana uhuru huo: vichwa vya aina yake vikiadimika mjini, mpini unabaki pambo.

Sasa ngozi. Ndevu za wengi wetu zimejikunja. Zikikatwa chini kabisa, ncha huota ikajipinda na kuchoma ngozi, na hapo ndipo vipele vya shingoni na chini ya taya vinapotokea. Mashine za nyembe nyingi huzidisha tatizo: wembe wa kwanza huvuta unywele, wa pili huukata, kisha kilichobaki hurudi chini ya ngozi. Wembe mmoja hukata usawa wa ngozi. Hauondoi vipele kwa kila mtu, lakini kwa wengi huvipunguza, mradi unyoe kufuata ndevu zinakoelekea.

Mazingira ya Bonde letu la Kilombero nayo yana neno. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia mashambani kwa wiki au miezi, mbali na saluni na mbali na umeme. Huko mashine ya kuchaji haina kazi, na kinyozi hayupo. Kimashine, pakiti mbili za nyembe na kipande cha sabuni vinaingia kwenye mfuko wa shati. Kwa wakata miwa wa upande wa Kidatu, ambako miwa huchomwa kabla ya kukatwa, onyo langu ni moja: osha uso vizuri kwanza. Masizi na mchanga huua makali ya wembe na kukwaruza ngozi. Na wakati wa masika, maji yakija na tope, yaache yatulie kwenye ndoo, uchote ya juu.

Unaponunua mashine, chagua ya vipande vitatu: kifuniko, kitako na mpini. Ile inayofunguka juu kama mlango ni rahisi kuiwekea wembe, lakini ina vyumba vya ndani ambamo sabuni na unyevu hujificha, na joto la Kilombero halisamehi kutu. Usinunue kabla ya kuomba kuifungua. Weka wembe, kaza, kisha inua kichwa kwenye mwanga. Wembe uchomoze sawasawa pande zote mbili. Upande mmoja ukizidi, iache hapo hapo kaunta. Angalia pia skrubu ishike bila kucheza, na rangi ya fedha isiwe imeanza kubanduka. Yenye uzito kidogo ni bora, kwa sababu uzito wake ndio utakaofanya kazi badala ya nguvu ya mkono.

Kwa nyembe, chagua zilizoandikwa kuwa ni za chuma kisichoshika kutu, kila mmoja ukiwa ndani ya karatasi yake. Jina la pakiti na jina lililochapwa kwenye wembe yafanane. Ukishuku bandia, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa hizo. Nunua pakiti ndogo za aina mbili tofauti, ujue ngozi yako inapenda ipi, kabla ya kununua kwa jumla.

Brashi ni nzuri, si lazima. Kilicho lazima ni maji na povu. Sabuni ya mche ni kali mno kwa uso. Sabuni ya kuogea isiyo kali inatosha kuanzia, na ya kunyolea ni bora ukiipata. Nyoa baada ya kuoga, au weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu usoni kwa dakika mbili tatu ndevu zilainike. Paka povu kwa kuzungusha vidole mpaka kila unywele ulowe.

Kisha lete mashine shavuni, kifuniko kikigusa ngozi kwanza. Shusha mpini taratibu hadi usikie wembe umeanza kukata. Hapo ndipo pembe sahihi ilipo, takriban nyuzi 30. Usikandamize. Vuta ngozi kidogo kwa mkono mwingine, pita kwa hatua fupi za sentimita mbili hivi, suuza, geuza upande wa pili. Shingoni ndevu huelekea njia mbalimbali, kwa hiyo zipapase kwanza siku moja kabla zikiwa zimeota, ujue njia yake. Wiki za mwanzo ridhika na kupita mara moja tu. Uso usiolainika kabisa lakini mzima ni bora kuliko uso laini wenye damu.

Ukimaliza, suuza kwa maji baridi. Kipande cha shabu kutoka kwa wauza dawa za asili, kikilowanishwa na kupitishwa usoni, huchoma kidogo na kusimamisha damu ya mikwaruzo. Fungua mashine, kung'uta maji, vikaushe vipande vyote penye hewa. Wembe ukianza kuvuta, umekwisha. Utie kwenye kopo la bati lenye tundu dogo juu. Usiutupe jalalani ambako watoto hucheza na wazoa taka huingiza mikono.

Hapa ndipo nasisitiza kuliko bei yoyote: wembe mmoja, mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata damu ikiwa imekauka na haionekani. Baba na mwana wasichangie, mume na mke wasichangie. Na ukibaki kwa kinyozi, hiyo ni haki yako vilevile: dai wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yako.

Wapo wasiofaa kutumia wembe. Mwenye vipele vikali, vyenye usaha au vinavyoacha makovu manene, atumie mashine ya umeme inayobakiza ndevu fupi, na aende hospitali. Ifakara ipo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize daktari kwanza.

Kwa waliobaki, kwa bei zetu za mfano, mashine moja na nyembe kumi ni Sh 11,000, na nyembe hizo zitakufikisha zaidi ya miezi minne. Na kama nyumbani kuna kijana anayeanza kuota ndevu, mnunulie mashine yake mwenyewe siku hiyo hiyo. Mfundishe kupita mara moja, kufuata ndevu, na kutoazima wembe wa mtu. Sh 10,000 ni bei ndogo kwa tabia atakayokaa nayo maisha yake yote.