Sura ya 7: Umeme Ukirudi

Vitabu vingi vya makontena vimeandikwa na watu ambao seva zao hazizimiki. Programu huwashwa siku inapowekwa, kisha hukaa hewani miezi mingi, na habari ya kontena linaloanguka wakati wa kuwaka huja mwishoni mwa kitabu. Kwa fundi wa Kayanga, Nkwenda au Murongo, mkoani Kagera, mpangilio huo umekaa miguu juu kichwa chini. Huku, kuwaka ndiko kunakoijaribu programu kuliko kazi nyingine yoyote, kwa sababu umeme hukatika bila kuaga na hurudi bila kubisha hodi.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Kagera imetumia umeme unaotoka Uganda, unaoingia kwa njia ya Masaka hadi kituo cha Kyaka wilayani Missenyi. Bwawa la Rusumo, lenye megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, limeongeza chanzo kingine katika kona hii ya nchi. Hata hivyo, umeme uzalishwe popote, nyaya za mwisho hupita katikati ya migomba na miti, na radi ya msimu wa mvua haichagui. Fundi anayesubiri siku ambayo umeme hautakatika kamwe atasubiri sana. Afadhali aandae makontena yanayojua kuamka.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini wakulima wa pande zote mbili bado wanaunganishwa na chama kikuu kimoja cha ushirika, KDCU, chenye makao yake Kayanga, ambacho hupokea kahawa kupitia vyama vya msingi. Tuseme chama kimoja cha msingi kina kompyuta ndogo ofisini. Karani anapima kahawa ya maganda, anaandika jina la mkulima na kilo, na kompyuta inatoa stakabadhi. Ndani yake kuna makontena matatu: hifadhidata ya PostgreSQL, programu yenyewe ya mapokezi, na Nginx iliyosimama mlangoni kuwapokea wanaoingia kwa kivinjari. Chama hiki ni cha kufikirika, ila hitilafu nitakazozieleza ni za kweli na maneno ya kompyuta nimeyaweka kama inavyoyatoa.

Kwanza kontena lenyewe. Ni programu iliyofungiwa chumba chake ndani ya kompyuta, pamoja na faili zote inazozitegemea, huku ikitumia keneli ileile ya Linux wanayoitumia majirani zake. Wazo hili ni la zamani: Unix ilipata amri ya chroot mwaka 1979, na Linux ikaongezewa vipande vyake kidogo kidogo katika miaka ya 2000. Machi 2013 Solomon Hykes aliionyesha Docker, programu ya kuendesha makontena, mbele ya wahudhuriaji wa mkutano wa PyCon huko Santa Clara, Marekani, na tangu hapo makontena yameenea hadi kwenye kompyuta za ofisi ndogo kama hii. Kanuni moja inatosha kwa sura hii: kontena huishi kadiri mchakato wake mkuu, ule wenye namba 1, unavyoishi. Mchakato ukifa, kontena limekufa. Ukijirudisha nyuma ya pazia na kuliacha jukwaa tupu, kontena litafungwa pia, tena kwa namba 0 inayosema kila kitu ni salama.

Sasa umeme umekatika saa nane mchana, foleni ya magunia iko mlangoni. Umerudi baada ya nusu saa. Kompyuta inawaka, karani anafungua ukurasa, hakuna kitu. Fundi anaandika docker ps -a na kuona Nginx ikianguka na kuwashwa, ikianguka na kuwashwa. Anasoma logi yake na kukuta maneno haya: «host not found in upstream "mapokezi"». Nginx inasema haimpati mwenzake anayeitwa mapokezi. Hapo ndipo mafundi wengi hupotea. Wanafungua faili la Nginx, wanabadili majina, wanabadili poti, na faili lililokuwa sahihi jana linaharibika leo.

Nginx haina kosa. Inapowaka hutafuta anwani za wote iliyoagizwa kuwapelekea wageni, na ikikosa hata moja hukataa kuendelea. Docker nayo hutoa anwani za makontena yaliyo hai tu. Kwa hiyo swali linahamia kwa mapokezi: kwa nini halipo hai? Logi yake inajibu: «FATAL: the database system is starting up». Programu iligonga mlango wa hifadhidata, ikaambiwa bado, ikakata tamaa na kujifunga. Tunashuka ngazi moja tena, kwenye logi ya PostgreSQL, na humo kuna mstari unaofungua kitendawili chote: «database system was not properly shut down; automatic recovery in progress».

Hapa inafaa kutulia kidogo, maana kinachoendelea ndani ya PostgreSQL wakati huo ni kazi nzuri sana. Kila badiliko huandikwa kwanza katika shajara inayoitwa WAL, ndipo baadaye likahamishiwa kwenye majedwali, kama karani anayeandika kilo kwenye daftari la mzani palepale na kuzihamishia kwenye rejista kubwa jioni. Umeme ukikatika kabla ya jioni, daftari la mzani bado lipo. PostgreSQL ikiamka hurudi mahali ilipohakikisha mara ya mwisho kuwa vitabu viwili vinalingana, kisha husoma shajara mbele, mstari kwa mstari, na kurudisha kila kilichokuwa kimekubaliwa. Kwa kawaida mahali hapo pa ulinganifu huwekwa kila baada ya dakika 5 au mapema zaidi, hivyo marejesho huchukua sekunde chache kwenye diski nzuri, na dakika kadhaa kwenye diski nzito au kadi ya kumbukumbu ya bei rahisi. Muda wote huo mlango umefungwa kwa makusudi. Logi itaonyesha «redo starts», halafu «redo done», na mwisho «database system is ready to accept connections». Anayeiona mistari hiyo mitatu kwa mpangilio huo ajue kilo za wakulima ziko salama. Anachotakiwa kufanya ni kungoja.

Kungoja ndiko kunakoshinda watu. Foleni inanung'unika, mwenyekiti anauliza, na mtandaoni kuna ushauri wa haraka: zima yote, futa, washa upya. Docker compose down huondoa makontena pamoja na logi zake, na ushahidi tuliokuwa tukiusoma unapotea. Ukiongeza -v mbele yake, unafuta hata volumu, yaani ghala ambamo hifadhidata huweka data yake. Amri hiyo haiulizi mara mbili. Nasema hili kwa uzito wote nilio nao: hakuna kontena linaloanguka ambalo ugonjwa wake unastahili dawa ya kufuta mizani ya msimu mzima, mizani ambayo familia zinaitegemea kulipia ada. Kabla ya jaribio lolote linalogusa hifadhidata, lizime kwanza kontena la hifadhidata ili data isibadilike ikinakiliwa, halafu nakili volumu mahali pengine, hata kwenye flashi. Hili ni la lazima zaidi pale logi inaposema haiuoni mwanzo halali wa shajara, kwa sababu zana ya pg_resetwal inayopendekezwa hapo huweza kuwasha hifadhidata huku ikiacha ndani mapengo ambayo hutayaona hadi siku ya malipo.

Turudi kwenye swali ambalo huwachanganya hata wazoefu. Faili la Compose, zana ya Docker inayowasha makontena yote kwa pamoja, lilikuwa limeandikwa vizuri: depends_on ilisema programu isubiri hifadhidata, tena hadi ipimwe na kuonekana ina afya. Mbona haikusubiri? Kwa sababu Compose haikuwepo. Umeme uliporudi, aliyewasha makontena ni huduma ya Docker yenyewe, kwa kufuata agizo la restart lililowekwa kwa kila kontena, na huduma hiyo haijui lolote kuhusu depends_on. Utaratibu ule hufanya kazi fundi anapoandika docker compose up kwa mkono wake. Mahali ambapo kompyuta huzimika mara moja kwa mwaka tofauti hii haionekani. Kwetu ndiyo kiini cha tatizo, na dawa yake iko ndani ya programu: ikiambiwa hifadhidata bado, ikae sekunde chache ijaribu tena, na tena, badala ya kujifunga. Mistari michache ya msimbo inatosha. Nginx nayo inaweza kuelekezwa itafute anwani ya mwenzake pale mgeni anapofika badala ya kuidai wakati wa kuwaka.

Docker yenyewe ina subira ya aina yake. Kontena likianguka hungoja sehemu ya kumi ya sekunde kabla ya kuliwasha, kisha huongeza maradufu kila linapoanguka tena hadi ifike dakika moja. Ndiyo maana mara nyingi, fundi akikaa tu bila kugusa kitu, mfumo wote hujisimamisha wenyewe baada ya hifadhidata kufungua mlango. Kubernetes hufanya vivyo hivyo kwa vipimo vikubwa zaidi, kuanzia sekunde 10 hadi dakika 5, na huita hali hiyo CrashLoopBackOff. Kwa ofisi yenye kompyuta moja sioni sababu ya kubeba mzigo wa Kubernetes.

Kuna maanguko yasiyojiponya, na mengine huletwa na kukatika kwa umeme moja kwa moja. Programu nyingi zikiwaka huandika faili dogo lenye namba ya mchakato wao, na zikizimwa kwa adabu hulifuta. Umeme haukuzima kwa adabu, faili limebaki. Likiamka, kontena lilelile linalikuta faili lake la jana na kudhani kuna mwingine anayefanya kazi. Apache husema «httpd (pid 1) already running», na programu za Rails hulalamikia server.pid. Lifute faili hilo dogo katika hatua ya kwanza ya kila kuwaka, na tatizo limekwisha.

Kisha kuna saa. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi zilizotangulia toleo la 5 hazina saa yenye betri. Zikiwaka bila intaneti huendelea na wakati wa zamani hadi mtandao utakaporudi, na mtandao wa simu mara nyingi huchelewa kuliko umeme. Programu inayohitaji kuzungumza na seva ya mbali kwa usalama itaona cheti kilichotolewa juzi kuwa bado hakijaanza kutumika, na itaanguka ikilalamikia cheti. Andika date kabla ya kumlaumu mtu yeyote. Kompyuta hizohizo hutumia prosesa za ARM, kwa hiyo imeji, yaani kifurushi ambacho kontena huwashwa kutoka kwacho, iliyojengwa kwa ajili ya kompyuta ya mezani tu itatoa «exec format error» na kufa papo hapo.

Namba ambayo kontena hufa nayo huonekana katika docker ps -a, na inafaa kuizoea. 127 maana yake amri iliyoagizwa haikupatikana. 126, ilipatikana ila haikuruhusiwa kutekelezwa. Namba zinazozidi 128 humaanisha mchakato uliuawa kwa ishara, na ukitoa 128 unapata namba ya ishara: 143 ni ishara ya 15, ombi la kistaarabu la kufunga, na 137 ni ishara ya 9, kuuawa bila onyo. Ukiiona 137, tazama docker inspect. Ikiandika OOMKilled kuwa true, kumbukumbu ilikwisha na keneli ikachagua wa kutoa. Namba 1 haisemi kitu zaidi ya kwamba programu yenyewe imeona kosa, na hapo hakuna njia ya mkato: soma logi. Kama logi ni tupu, washa imeji ileile huku amri yake ukiibadilisha kuwa sh, uingie ndani, uiwashe programu kwa mkono na uisikilize.

Diski iliyojaa ndiyo huchelewa kushukiwa. Kwa kawaida Docker huhifadhi logi bila kikomo, na kontena linaloanguka kila dakika huandika usiku kucha. PostgreSQL ikikosa nafasi ya kuandika shajara yake hujifunga ili isidanganye, na df -h itakuonyesha asilimia 100. Weka max-size kwenye logi siku ileile unapoweka mfumo.

Na siku hiyohiyo, kabla msimu haujafunguliwa na kabla gunia la kwanza halijafika kwenye mzani, ingiza wakulima wa majaribio, anza kupokea kilo zao, kisha chomoa waya ukutani katikati ya kazi. Rudisha umeme, usiguse kibodi. Hesabu dakika hadi ukurasa ufunguke, linganisha kilo na stakabadhi zilizokwisha kutoka, kisha chomoa tena, safari hii wakati hifadhidata bado inajirejesha.