"Sukari" na "Kisukari": Neno Moja, Maana Tatu

Neno "sukari" ni kongwe katika Kiswahili, hata hapana adhaniaye kuwa linahitaji maelezo. Walakini, mfasiri aliyepewa kijitabu cha afya, mwalimu wa lishe na ofisa anayetayarisha tangazo kwa umma hulikuta likibeba mizigo mitatu. Mwenye duka akisema "Nina sukari", anataja bidhaa. Mgonjwa akisema maneno hayo hayo, anataja maradhi. Na muuguzi asemapo "Sukari yako imepanda", anataja kiasi cha glukosi katika damu. Maana hizi zisipobainishwa, msomaji huhitimisha kwamba ugonjwa huletwa na sukari ya bakulini, na kwamba asiyeitia katika chai yu salama. Makosa hayo mawili yana madhara.

Tuanze na sukari ya damu. Damu yote ya mtu mzima mwenye afya huwa na glukosi ipatayo gramu 5 hivi, yaani kijiko kimoja cha chai. Kiasi hicho hulindwa hasa na insulini, homoni itokayo katika kongosho. Insulini huiwezesha glukosi kuingia katika misuli, tena hulizuia ini lisitoe glukosi kupita kiasi. Glukosi hii haitokani na sukari peke yake. Ugali, wali, muhogo na mkate vina wanga, na wanga humeng'enywa kuwa glukosi. Kwa hiyo agizo la "punguza sukari", likiachwa vivi hivi, halimwelezi mgonjwa lolote juu ya sahani yake ya ugali.

Ugonjwa wenyewe una aina kuu mbili. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili huziharibu seli zinazotengeneza insulini. Peremende si chanzo chake. Mama anayelaumiwa kwa kumlisha mwanawe vitu vitamu hudhulumiwa, na sehemu ya dhuluma hiyo imo katika lugha yetu. Katika aina ya pili, mwili huacha kuiitikia insulini ipasavyo, na hatimaye kongosho hushindwa kukidhi haja. Hapa urithi, umri na kutoutumikisha mwili vina nafasi yao, na unene, hasa mafuta ya tumboni na ndani ya ini, una nafasi kubwa.

Sukari ya mlo huingia hapo. Kwa gramu, haitoi nishati zaidi ya wanga: kila kimoja hutoa kilokalori 4 hivi. Tatizo ni wepesi wa kuzidisha. Chupa ya soda ya mililita 350 yaweza kuwa na gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Hunywewa kwa dakika chache, wala haimshibishi mnywaji kiasi cha kumfanya apunguze chakula. Nishati inayozidi huwekwa mwilini kuwa mafuta. Isitoshe, nusu ya sukari ya mezani ni fruktosi, ambayo hushughulikiwa zaidi na ini, na ikizidi huweza kulijaza ini mafuta. Watu waliofuatiliwa kwa miaka mingi katika nchi mbalimbali wameonyesha kuwa wanywaji wa kila siku wa vinywaji vitamu hupatwa zaidi na kisukari cha aina ya pili. Tunda zima halina sifa hiyo, kwa kuwa lina nyuzinyuzi, hushibisha, na sukari yake hufyonzwa polepole.

Kwa sababu ya tofauti hiyo, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba "sukari huru" isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, kikomo ni gramu 50. Istilahi hii ina mtego. Mfasiri asiyejihadhari ataandika "sukari ya bure", na hata "huru" yaweza kufahamika kuwa sukari iliyoruhusiwa. "Sukari ya nyongeza" nayo haitoshi, maana huiacha asali na maji ya matunda, ambayo yamo katika hesabu.

Upo pia upungufu wa sukari katika damu. Mgonjwa atumiaye insulini huweza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa. Akiwa bado aweza kumeza, huhitaji kitu kitamu mara moja. Jamaa waliofundishwa tu kwamba "sukari ni sumu kwake" wataweza kumnyima kile kitakachomwokoa.

Kwa hayo, tunapendekeza matumizi yafuatayo:

Kisukari: jina la maradhi. Kiambishi ki- huliweka pamoja na kifafa, kichocho na kipindupindu. "Ugonjwa wa sukari" hueleweka, lakini kiunganishi -a humfanya msomaji adhani kuwa kinatajwa chanzo.

Glukosi ya damu, au sukari ya damu: kiasi kinachopimwa. Neno "damu" lisiachwe.

Sukari huru: sukari iliyoongezwa na mtengenezaji, mpishi au mlaji, pamoja na iliyomo katika asali, shira na maji ya matunda. Maelezo haya yaandikwe istilahi itajwapo mara ya kwanza.

Unene wa kupindukia: hali ya mafuta kuzidi mwilini hata kuhatarisha afya. "Kitambi" kisitumiwe badala yake, kwani hutaja tumbo tu, na kwa wengi kingali alama ya neema.

Haifai kudhani kwamba mgonjwa atapambanua mwenyewe kile ambacho mwandishi hakukipambanua. Tunawaomba wafasiri na walimu wayajaribu maneno haya mbele ya wasomaji wao, na kuyasahihisha pale yatakapopwaya.