Nani anatusemea sisi wa ng'ambo bajeti ya kaunti ikipangwa?

Kila msimu wa bajeti tangazo hutoka: wananchi mnaalikwa kutoa maoni. Ukumbi hutajwa, saa hutajwa, na kitabu kinachojadiliwa ni kinene tena cha Kiingereza. Wanaofika hupewa dakika mbili tatu za kipaza sauti. Mmoja atataka taa za barabarani Mtongwe, mwengine atalilia mtaro Bamburi, wa tatu atauliza kuhusu dawa katika hospitali ya Port Reitz. Wakitoka nje, neno huwa ni lile lile: "Haya mambo yashapitishwa zamani."

Neno hilo lina ukweli ndani yake, na sheria yenyewe inaonyesha kwa nini. Kabla ya mkutano ule wa ukumbini kuna meza nyengine ambayo imewekewa viti vya raia. Wanaokalia viti hivyo si wafanyakazi wa kaunti. Ni watu kama mimi na wewe, waliopendekezwa na vyama vyao wakashauri kwa niaba yetu. Lakini ukiuliza wapita njia kumi pale stendi ya Likoni au Mwandoni majina ya wajumbe hao, sidhani utapata hata mmoja wa kukujibu. Leo nataka tuielewe meza hii: ni ipi, ina nguvu gani, na kwa nini sisi wa ng'ambo tusiposhughulika nayo tutaendelea kufika sahani zikiwa zishaoshwa.

Jina lake ni Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti. Maofisini hulifupisha kwa herufi CBEF. Limeundwa na kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, na kila kaunti kati ya zile 47 inatakiwa iwe nalo. Mwenyekiti ni gavana. Wajumbe wa upande mmoja ni mawaziri wake wa kaunti. Upande wa pili wanakaa raia wasiokuwa watumishi wa kaunti, idadi yao sawa na ya mawaziri. Raia hao huteuliwa na gavana kutoka kwa majina yanayopendekezwa na makundi saba: wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee, na makundi ya dini.

Kwa kaunti yenye bunge la ukubwa kama wa Mombasa, Katiba inaruhusu mawaziri wasiozidi 10. Basi viti vya raia navyo ni kama 10. Watu kama kumi, kwa kaunti ambayo sensa ya 2019 ilihesabu wakaazi 1,208,333.

Kazi yao ni kushauriana na serikali ya kaunti juu ya mipango ya maendeleo, Waraka wa Mkakati wa Fedha, na Waraka wa Mapitio ya Bajeti, pamoja na mambo mengine ya uchumi na fedha za kaunti. Majina haya yanachosha, najua. Lakini yaambatanishe na tarehe, utaona uzito wake.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hutakiwa kufikishwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 ya mwaka uliotangulia. Mapitio ya bajeti huandaliwa kufikia Septemba 30. Waraka wa Mkakati hufikishwa bungeni kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe ya bajeti huenda bungeni kufikia Aprili 30, na kila kitu kinatakiwa kiwe kimepita kufikia Juni 30.

Sasa angalia hapo Februari. Waraka wa Mkakati ndio unaoweka viwango vya juu: afya itapata kiasi gani, maji kiasi gani, barabara kiasi gani, takataka kiasi gani. Ukishakubaliwa na bunge, mkate umekatwa. Yanayobishaniwa baadaye, Aprili na Mei, ni namna ya kugawa kila kipande ndani ya idara yake. Mzee wa Shika Adabu akisimama Mei kutaka fedha za maji ziongezwe maradufu, anaomba kitu ambacho kimefungiwa mlango tangu Februari. Hakuna aliyemdanganya. Amefika kikao cha pili akidhani ni cha kwanza. Na kikao cha kwanza ndicho wale raia kumi walichokaa, au walichotakiwa kukaa.

Je, ushauri wao unamfunga gavana? La. Sheria haisemi lazima awafuate. Inasema ni lazima liwepo jukwaa la kushauriana nao. Wengine wakisikia hivyo hutupa mkono: kama si amri, wa nini? Nawaomba wasitupe mkono haraka. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu, sheria iliyokuwa imeshapitishwa na bunge la kaunti, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ile inajulikana kama kesi ya Gakuru. Jaji alieleza kwamba tangazo la kutimiza wajibu halitoshi, na kwamba kaunti inapaswa kuwatafuta watu pale walipo: makanisani, misikitini, barazani, kwenye redio za lugha zao. Serikali inaweza kuukataa ushauri, lakini ikiruka hatua ya kuutafuta, kazi yake yote inaweza kuanguka kortini. Nguvu ya mshauri iko hapo: kwenye tarehe, na kwenye karatasi inayothibitisha kuwa aliulizwa na akajibu.

Baada ya kulisifu jukwaa, tuziseme kasoro zake, maana zinatuhusu sana.

Ya kwanza ni kwamba anayeshauriwa ndiye mwenyekiti, na ndiye anayeteua wanaomshauri. Makundi hupendekeza, lakini kalamu ni yake. Sisemi hili kwa kumlenga gavana yeyote. Hassan Joho alikuwa chini ya kifungu hiki hiki, Abdulswamad Nassir yuko chini yake, na atakayekuja baada yao vile vile. Mjumbe anayejua kwamba kiti chake kimetoka mkononi mwa mwenyekiti anahitaji moyo mgumu kumwambia mwenyekiti "hapana".

Ya pili, hebu rudi kwenye yale makundi saba uyasome tena. Vijana hawamo. Mwanamke kijana anaweza kupita kwa kiti cha wanawake, fundi kijana kwa kiti cha wafanyakazi, lakini kifungu hakiwataji vijana kama vijana. Kisauni, ambako kila mzazi ana hofu ya magenge ya mapanga na ya dawa za kulevya, hilo si jambo dogo. Mambo yanayomvuta kijana atoke maskani, kama vyuo vya ufundi, viwanja vya michezo na vibanda vya biashara, yako ndani ya mamlaka ya kaunti na yanatengewa fedha kwenye meza hiyo.

Ya tatu ndiyo inayonikera zaidi: kifungu hakitaji mahali. Hakisemi atoke mtu Likoni, mtu Changamwe, mtu Kisauni. Sensa ya 2019 iliihesabu Kisauni watu 291,930, Likoni 250,358, Changamwe 131,882. Kaunti ndogo hizi tatu peke yake ni zaidi ya nusu ya Mombasa. Ukiongeza Nyali na Jomvu, karibu watu tisa katika kila kumi wanaishi nje ya Mvita, yaani nje ya kisiwa. Hata hivyo ofisi zi kisiwani, vyama vingi vyenye barua rasmi na mihuri vi kisiwani, na anayependekezwa kwa wepesi ni yule ambaye tayari anajulikana ofisini. Hakuna kinachozuia viti vyote kumi vijazwe na watu wasiojua kusubiri feri alfajiri, wala harufu ya Mwakirunge jua likiwaka. Jaa la Kibarani lilipofungwa mwaka 2018, wapitao kwenye daraja la Makupa walipumua. Takataka hazikuyeyuka lakini. Zilielekezwa Mwakirunge, na mkaazi wa kule alistahili kuwa mezani.

Ya nne ni mfuko. Kifungu hakitoi mshahara kwa raia hawa, na kujitolea ni jambo jema lenye thawabu. Lakini tusijifanye hatuoni. Afisa akikaa kikaoni yuko kazini, mshahara wake unahesabika. Mama mwenye meza ya samaki Mtongwe akikaa kikao kile kile amefunga meza, amelipa nauli ya kwenda na kurudi, na jioni hana cha kupika. Atavumilia mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu kiti chake kitakuwa wazi, na atakayebaki ni yule mwenye biashara inayojiendesha. Hivyo ndivyo maskini wanavyoondoka kwenye meza ya ushauri bila kufukuzwa na mtu. Kurejesha nauli na kulipia chakula cha mchana si kumnunua mjumbe. Ni kumwezesha abaki.

Wenzetu wamelifanyaje jambo hili? Kule Marekani miji mingi ina tume za raia wanaojitolea kuishauri halmashauri juu ya bustani, maktaba, barabara na makaazi. Nao hawalipwi kama waajiriwa, na halmashauri inaweza kuwakatalia. Lakini California, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1953 ijulikanayo kama Brown Act, ambayo inataka ajenda ya kikao cha kawaida itundikwe hadharani saa 72 kabla, mlango uwe wazi, na mwananchi apate nafasi ya kusema. Tume za ushauri zilizoundwa na halmashauri nazo zimo ndani ya sheria hiyo. Karibu na hapa, Makueni ilijipatia jina kwa kuanzia chini: wananchi hukutana vijijini kwanza, halafu maoni yanapanda ngazi kwa ngazi hadi kaunti kupitia kamati walizochagua wenyewe. Wote hao wamefunga mambo mawili pamoja, ushauri na uwazi, ili mshauri ajue anatazamwa na anayeshauriwa naye ajue hivyo.

Wala kwetu jambo hili si geni. Mji huu ulijulikana kwa Thenashara Taifa, na Wachangamwe, Wakilindini na Watangana walikuwa Thelatha Taifa, wakiwa na tamim wao wa kuwasemea. Na Waislamu tunajua shura ni nini, hata sura nzima ya Qur'ani imeitwa kwa jina hilo. Anayeombwa ushauri amebebeshwa amana. Amana hiyo ina pande mbili: ya yule anayeshauri kwa haki, na ya wale anaowasemea, kumpa la kusema na kumuuliza amesema nini.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu, na hakuna linalohitaji wakili.

Kwanza, tuwajue. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, na huombwi ada ya kuliwasilisha, ingawa unaweza kulipishwa gharama ya nakala. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Andika kwa katibu wa kaunti maneno machache tu: mimi ni mkaazi wa wadi fulani, naomba majina ya raia walio kwenye Jukwaa la Bajeti na Uchumi, makundi yaliyowapendekeza, tarehe za vikao vya mwaka wa fedha uliopita, na kumbukumbu za vikao hivyo. Nakala yako igongwe muhuri siku unayoipeleka. Wasipojibu, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ofisi ile inayoitwa Ombudsman.

Pili, twende mapema. Maoni ya wadi yaandikwe Desemba na Januari, yawe mezani kabla ya ule waraka wa Februari. Ukurasa mmoja unatosha: mambo matatu, kwa mpangilio wa dharura, na sahihi za wakaazi. Kamati ya msikiti, kikundi cha kanisa, chama cha kina mama, sako la boda boda, BMU ya wavuvi, wote wanaweza kuandika. Misikiti yetu hutangaza harusi na mazishi kila Ijumaa. Tarehe ya bajeti nayo inastahili tangazo.

Tatu, tupendekeze watu wetu. Viti vinapotangazwa, vyama vya ng'ambo vilivyosajiliwa vipeleke majina ya watu wanaoishi ng'ambo, wakiwemo vijana, ili gavana akiteua awe na la kuchagua. Nao wawakilishi wadi wa bunge la kaunti waulizwe: mbona tusiwe na kanuni ya kaunti inayotaka kila kaunti ndogo iwe na angalau mtu mmoja kwenye jukwaa, na nauli yake irejeshwe?

Na kwenu nyinyi mliojitolea, mlio kwenye viti hivyo sasa, na wenzenu wa kamati za hospitali na za polisi jamii: tunawashukuru, kwa sababu kazi ya bure katika mji wa gharama kama huu si mzaha. Ombi letu ni moja. Kila mtokapo kikaoni, tuandikieni mistari mitano: tulishauri hivi, tulijibiwa vile. Ibandikwe kwenye ofisi ya wadi, itumwe kwenye makundi ya simu, isomwe barazani. Mkikataliwa, tujue mmekataliwa, ili safari ijayo msiende peke yenu.