Claude Shannon, mwanahisabati aliyemfundisha panya wa bandia kukumbuka njia

Akili bandia inazungumziwa leo kama jambo jipya. Lakini moja ya mashine za kwanza kuonyesha kwamba chombo kinaweza kujifunza ilikuwa panya wa bandia, aliyetengenezwa Marekani mwaka wa 1950 na mwanahisabati Claude Shannon, wa maabara ya kampuni ya simu ya Bell.

Panya huyo, kwa jina Theseus, aliwekwa kwenye ubao wenye vyumba vidogo 25 na kuta za kuhamishika. Safari ya kwanza alihangaika: akigonga ukuta, anarudi na kujaribu upande mwingine, hadi anafika. Safari ya pili alikwenda moja kwa moja. Ukuta ukihamishwa, alitafuta upya njia ya sehemu hiyo. Siri ilikuwa chini ya ubao: sumaku iliyomvuta, na swichi za umeme kama zile za mitambo ya simu, zilizotunza kumbukumbu ya kila chumba.

Shannon, mzaliwa wa jimbo la Michigan mwaka wa 1916, anajulikana zaidi kwa makala yake ya mwaka wa 1948 kuhusu hisabati ya mawasiliano. Humo alionyesha kwamba habari inaweza kupimwa: jambo linalotarajiwa lina habari kidogo, la kushangaza lina nyingi. Mwaka wa 1951 alieleza jaribio la kumwomba mtu akisie herufi inayofuata katika maandishi ya Kiingereza. Programu zinazoandika leo zinafunzwa kwa kazi ya namna hiyo, na makosa yao yanapimwa kwa hesabu iliyotokana na ile ya Shannon.

Nyumbani pia hakutulia. Alipanda baiskeli ya tairi moja, akarusha mipira hewani na kuidaka, kisha akaandika kanuni ya hesabu ya mchezo huo. Alitengeneza hata tarumbeta inayotoa moto. Mwaka wa 1961, yeye na mwenzake Edward Thorp walikamilisha kompyuta ndogo ya kuvaa mwilini, ya kubashiri mchezo wa kamari wa ruleti. Alifariki mwaka wa 2001.

Kazi yake inatugusa hata sisi wa Goma, Bukavu na Lubumbashi. Mashine hukisia vizuri lugha iliyoisoma sana. Kiswahili chetu kinasikika sokoni, redioni na nyumbani, lakini maandishi yake bado ni machache. Tusipokiandika, mashine itaendelea kutujibu kwa Kiswahili cha wengine.